Mlio Mmoja, Kisha Kukata

Muoki Ndeti alikuwa ameshamaliza mbavu nne za mbuzi ndipo sauti ya mwanamke ikamfikia kwa nyuma.

"Kaka, ni tamu?"

"Tamu sana, dada."

"Zimeiva vizuri?"

"Zimeiva. Huyu mchomaji anajua kazi yake."

"Na chumvi?"

"Iko sawa kabisa. Karibu."

"Asante. Nilitaka tu kujua mbavu zangu zilikuwaje kabla hazijaisha."

Muoki aligeuka na mfupa mdomoni. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, na Soko la Burma lilikuwa limefurika. Wanaume wa ofisini walikuwa wamezitupa tai zao mabegani zisiingie kwenye kachumbari, moshi umetanda mpaka huwezi kumwona aliye meza ya tatu, na Patrobas mwenye bucha alikuwa akipiga kelele akigawa mbao za nyama bila kuangalia anampa nani. Katikati ya moshi huo alisimama msichana aliyevaa gauni la manjano lililokunjwakunjwa vizuri kiunoni, nywele amesuka ndogondogo, viatu vyekundu vinavyong'aa kana kwamba barabara ya kuja hapo haikuwa na matope. Mikono ameiweka kiunoni. Macho yalikuwa yanacheka, lakini mikono haikuwa inacheka.

"Pole sana, dada. Sikujua. Mimi niliagiza paja."

"Paja lako liko meza yangu. Nimeligusa kwa kisu, kisu kikarudi. Huyo mbuzi alikuwa na wajukuu."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Muoki alifanya jambo moja la akili siku hiyo: alisogea kwenye benchi. Wakala pamoja mbavu zilizobaki, na hilo paja wakashindana nalo kama watu wanaofungua sanduku lililopotezwa ufunguo.

"Naitwa Triza. Nina biashara ya simu hapo Jogoo Road. Na wewe?"

"Muoki. Mimi fundi wa simu. Niko kituo cha mitambo, upande wa shirika la simu."

Triza akaweka mfupa chini polepole. "Kumbe. Kwa hivyo ninyi ndio mnakata laini mtu akiwa katikati ya kulia na mamake."

"Hapana, hao ni wa zamu ya asubuhi."

Akacheka. Mtu akikuchekea namna hiyo ukiwa na mafuta kidevuni, kazi yako imebaki ndogo.

*

Chumba cha biashara cha Triza, ambako watu walilipa kupiga simu, kilikuwa na kibanda kimoja cha mbao, simu moja ya kijivu, saa ya ukutani, na Roseline. Roseline alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwenye ulimi, ambaye walichangia naye pango. Lile gauni la manjano alilishona yeye, na aliamini kwamba lolote lililotokana nalo alikuwa na haki ya kulifuatilia.

Simu hiyo ya kijivu nayo ilikuwa na historia. Mama yake Triza, mfanyakazi wa kiwanda cha blanketi, alijaza fomu ya kuomba laini Triza akiwa bado shule ya msingi. Alipanga foleni ya shirika miaka kumi na moja, akiulizia kila Januari. Laini ilipofika, mafundi wakauliza, "Mama yuko?" Mama alikuwa amezikwa Kakamega miezi mitatu iliyopita. Triza akatia sahihi badala yake. Ndiyo maana aliifuta simu hiyo kila asubuhi kabla hajafuta hata meza.

Muoki alianza kupita hapo. Mara ya kwanza alisema anakuja kupima laini. Mara ya pili akasema laini ya juzi haikupimika vizuri. Mara ya tatu Roseline akamwambia, "Fundi, hiyo laini ikiwa mgonjwa namna hiyo, si uioe tu?"

Shida ilikuwa kuongea. Muoki alikuwa akikaa peke yake alasiri katika chumba cha majaribio, mahali mafundi wanapopimia laini, na hapo palikuwa na simu. Lakini mkubwa wake, Bwana Shiundu, alikuwa amepiga marufuku maongezi ya binafsi ofisini, na masikio yake yalisikia kupitia ukuta. Basi wapenzi wakatunga lugha yao. Triza anapiga chumba cha majaribio, anaiacha simu ilie, anakata kabla haijapokelewa. Ikilia mara moja: nakuwaza. Mara mbili: nafunga saa kumi na mbili, njoo unichukue. Mara tatu: nina njaa, tukutane Burma. Muoki naye akishasikia anampigia vivyo hivyo, mlio mmoja, kukata, kumaanisha nimesikia.

"Hiyo ni lugha ya kuku," Roseline alisema. "Ko, ko-ko, ko-ko-ko."

"Dada Rozi, wewe shona."

"Nashona. Masikio hayashoni."

Mwanzoni ulikuwa mlio mmoja kwa siku. Lakini mapenzi unayajua. Wiki ya tatu ikawa mitatu kwa siku, minne, na wateja wakawa wanamwona mwenye simu anapiga, anatabasamu, anakata bila kusema neno, halafu simu inalia mara moja na yeye anaitazama tu kama anatazama mtoto akitembea. Mzee mmoja wa Huruma aliuliza kama binti yuko sawa.

*

Siku hizo, na hii ilikuwa mwaka wa tisini na nane, kulikuwa na ujanja uliokuwa ukizunguka mjini ukiitwa kolbeki. Unapiga namba fulani ya ng'ambo, unaiacha ilie mara moja, unakata. Mashine ya huko inaona namba yako, inakupigia yenyewe, na kupitia kwayo unaongea na dunia nzima kwa bei ya wenzetu badala ya bei ya kwetu. Shirika la simu halikutaka kusikia habari hiyo. Aliyepatikana nayo alinyang'anywa laini.

Mteja mmoja wa Triza, Awale, muuza vitambaa wa Eastleigh mwenye kaka Kanada, alikuwa amemwambia, "Dada yangu, weka kolbeki hapa, nitakuletea mtaa mzima." Triza akamjibu, "Wacha nifikirie, Awale." Alifikiria siku moja, akaitazama ile simu ya mama, akakataa.

Lakini kitu kilibaki kikimwasha, kama swali la mtihani ambao umeshaisha. Jumapili yake, wakiwa wameketi kwenye kibanda cha mandazi huko Jericho, Triza akiwa na sketi ya bluu na blauzi nyeupe ya kanisani, akauliza.

"Muoki, hiyo kolbeki. Ninyi mnaweza kuizuia kweli, ama mnatisha watu tu?"

Fundi ukimuuliza swali la kazi yake mbele ya mandazi moto, umemfungulia bomba.

"Inategemea, mpenzi. Tukijua ile namba ya ng'ambo tunaifunga asubuhi. Jioni wamepata nyingine. Tunafunga hiyo, wanapata ya tatu. Siku hizi wameanza hata kupitia namba za humu humu Nairobi. Ukisikiliza, unasikiliza nini? Simu ya kwanza haijapokelewa, hakuna lililosemwa. Ya pili ni simu ya kawaida tu inayoingia. Ukizuia zote zinazoingia, utamzuia hata mtoto anayempigia mamake."

"Kwa hivyo hamwezi."

"Sijasema hatuwezi. Huwezi kujua mtu amebeba nini kwa gunia lake, lakini unaweza kumjua kwa jinsi anavyotembea nalo."

"Maanake?"

"Maanake nisiseme zaidi, nitafutwa." Akatabasamu kwa raha ya mtu mwenye siri. "Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

Hapo ndipo palipoharibika. Angesema tu kwamba Awale alimwomba akakataa, hadithi hii ingekwisha kwenye mandazi. Lakini alitaka kumwonyesha Muoki kwamba yeye si mtu wa kuwachongea wateja wake kila wanapoomba kitu, basi akanyamaza, akamega andazi.

*

Siri ya Muoki ilikuwa hii. Yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea Bwana Shiundu wazo jipya: tusiangalie wanapiga wapi, tuangalie tabia. Laini inayopiga mlio mfupi ikakata, kisha ikapigiwa papo hapo, na ikifanya hivyo zaidi ya mara ishirini kwa wiki mbili, hiyo ni ya kolbeki. Mtambo mpya uliweza kuandika hata simu zisizopokelewa. Bwana Shiundu alimpiga bega. "Kijana, kichwa hicho usikipeleke kwingine." Kulikuwa na maneno ya kumpandisha cheo.

Jumamosi orodha ya kwanza ikatoka. Laini kumi na nne. Muoki aliisoma akitafuna kalamu, na alipofika ya tisa akaacha kutafuna. Ilikuwa laini ya Triza.

Kwanza aliona kosa. Kisha akakumbuka mandazi, na lile swali, na "nauliza tu." Orodha haikuonyesha namba zilizopigwa. Hizo zilikuwa kwenye karatasi za mtambo chini ya jengo, na kwa kanuni yake mwenyewe hazikuwa na maana.

Jumapili akakutana na Triza, akala naye, akamsindikiza, na hakusema neno. Mtu mzima, ameshonewa hata kaunda suti, akashindwa kufungua mdomo.

Jumatatu saa nne asubuhi Awale alikuwa kwenye kibanda akimwambia kaka yake jina la mtoto mchanga. Laini ikafa. Alitoka nje ameshika kichwa. "Dada, hajasikia jina. Amesikia 'mtoto anaitwa' basi."

Saa sita tarishi akaleta barua. Laini imesimamishwa kwa kushukiwa kupitisha simu kinyume cha sheria. Mwenye laini afike ofisini ndani ya siku saba kujieleza. Asipojieleza ipasavyo, laini itapewa anayefuata kwenye foleni.

Triza aliisoma mara mbili, akakaa kwenye kiti cha wateja. Miaka kumi na moja ya mama yake, na sasa siku saba.

Saa kumi na moja Muoki alisimama mlangoni. Roseline alisimamisha cherehani.

"Triza, nimesikia."

"Umesikia leo?"

Akatazama viatu vyake.

"Muoki. Ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi. Na jana ulikula mandazi yangu ukinifuta sukari kwenye shavu."

"Sikujua nianze vipi. Triza, niambie tu ukweli, mimi nitakusaidia. Ulianza lini hiyo kolbeki?"

Triza alisimama. Hakupaza sauti. Alikuwa na sauti ile ya mtu anayebeba sufuria la moto.

"Kwa hivyo ndiyo sababu ulikuwa unakuja kupima laini. Nikakuuliza swali moja, wewe ukakimbia kuniandika."

"Mimi sikukuandika. Ni mtambo."

"Mtambo una mikono? Sijawahi kupitisha kolbeki hapa hata siku moja. Hata siku moja, Muoki. Na wewe, badala ya kuniuliza kama nimefanya, umeniuliza nimeanza lini."

"Triza, mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Niite mshukiwa, si ndivyo ilivyoandikwa kwa barua yenu?"

Muoki akamtazama Roseline kama anayetafuta wakili. Roseline akachukua mkasi mkubwa, akaanza kukata kitambaa taratibu sana. "Fundi, nenda nyumbani. Hii nguo naikata bila vipimo, nisije nikakosea nikakata kitu kingine."

Akaenda.

*

Jumanne hakuna mlio. Jumatano hakuna. Muoki alijua laini ya Triza imekatwa, lakini saa kumi alasiri alijikuta anaitazama simu ya chumba cha majaribio, na ilipolia kwa kazi aliruka mpaka kiti kikaanguka.

Lakini lile neno lilikuwa limemwingia: badala ya kuniuliza kama nimefanya. Mtu anayedanganya hakasiriki hivyo. Anayedanganya hujieleza sana. Jumatano hiyo hiyo akachukua ufunguo, akashuka chini ya jengo kwenye marobota ya karatasi za mtambo, akavua koti, akaanza kutafuta laini ya Triza mstari kwa mstari, safari hii akiangalia kitu alichowakataza wengine wasiangalie: namba iliyopigwa.

Mstari wa kwanza wa simu isiyopokelewa: inaishia 417. Wa pili: 417. Wa tatu, wa nne, wa kumi. Mara thelathini na moja, zote 417, na kila mara 417 imejibu kwa mlio mmoja na kukata. Akasema moyoni, huyo ndiye, hiyo ndiyo namba ya wezi. Akachukua kitabu cha namba kutafuta mwenyewe. Alipopanda ngazi akiwa bado anafunua kurasa, akapita kwenye chumba cha majaribio, na macho yakaangukia karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye simu yake.

417.

Alikaa chini sakafuni. Sijui kama uliwahi kumkamata mwizi gizani, ukawasha taa, ukakuta umeshika mkono wako mwingine. Alicheka peke yake mpaka macho yakalowa, na kicheko kilipoisha, macho yakabaki yamelowa.

Kisha akaona upande wa pili wa jambo. Kumtoa Triza kulikuwa na njia moja tu: aingie kwa Bwana Shiundu, aseme kwamba ile kanuni yake nzuri ina shimo, na kwamba shimo lenyewe ni yeye, saa za kazi, kwa simu ya shirika. Cheo kwaheri. Kazi yenyewe pengine kwaheri. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akabisha mlango.

Bwana Shiundu alikuwa mtu wa Bungoma, jirani na Kakamega, mpana, mzee wa kanisa, mwenye miwani iliyokaa ncha ya pua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja nielewe. Mara thelathini na moja."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa wiki mbili."

"Ndiyo."

"Na hizi zote zilikuwa nini?"

"Salamu, bosi."

"Salamu." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, Muoki bado yuko pale pale. "Nitajuaje hujamtungia huyo binti hadithi ya kumwokoa?"

"Muulize mwenyewe. Hatujaongea tangu Jumatatu. Amenifukuza."

"Hapo nimeanza kukuamini." Akamsukumia karatasi. "Andika. Mlio mmoja maana yake nini, miwili nini, yote. Tia sahihi. Halafu utoke, na Ijumaa akija nisikuone hata kwenye korido."

*

Ijumaa Triza alivaa gauni la kijani kibichi lenye kola nyeupe, nguo ambayo Roseline aliimaliza alfajiri, na Roseline mwenyewe akaja nyuma yake amebeba mkoba kama shahidi. Ofisini waliketi mbele ya Bwana Shiundu. Karatasi ya mtambo ilikuwa mezani.

"Binti, hii namba, inaishia 417, unaijua?"

Triza aliiona, na mara moja akaona kila kitu: zile simu, zile alasiri zote, hesabu ya mara thelathini na moja. Moyo ukamruka kwa nafuu, kisha ukasimama. Kwa sababu akisema ni ya nani, mwenyewe anaharibikiwa. Alimkasirikia Muoki. Alikuwa amemkasirikia siku nne mfululizo bila kupumzika. Lakini kumkasirikia mtu ni jambo moja, na kumnyima mkate ni lingine.

"Mzee, nikikwambia ni ya nani, atapata shida?"

"Ameshajipatia mwenyewe. Amekuja hapa Jumatano, hakuitwa."

Triza akatazama chini. Roseline akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Ni ya Muoki," akasema.

"Simu ikilia mara moja, maana yake nini?"

Hebu fikiria. Uko ofisini kwa mzee wa kanisa wa kwenu, mtu ambaye kesho anaweza kukutana na baba yako matangani, na anakuuliza mambo hayo kwa sauti ya mhasibu.

"Nakuwaza."

Bwana Shiundu akatazama karatasi ya Muoki, akaweka alama. "Mara mbili?"

"Nafunga saa kumi na mbili. Njoo unichukue."

Alama. "Mara tatu?"

"Nina njaa. Burma."

Alama. Akasita, akavuta karatasi ya mtambo karibu. "Kuna moja hapa. Alhamisi ya wiki jana, saa tisa na dakika ishirini. Ililia mara nne. Kijana ameandika, 'Hiyo sijui, nilidhani amekosea namba.'"

Triza aliitazama karatasi ya mtambo. Shingo ilianza kubadilika rangi kuanzia kwenye kola nyeupe.

"Binti, nikikosa hiyo moja, siwezi kufunga faili."

"Sikukosea namba," akasema polepole. "Hiyo hatukupatana. Siku hiyo nilikuwa nimekaa tu, nikaona kuna kitu sijawahi kumwambia. Nikaona nikisema kwa mdomo nitacheka. Nikaacha ilie mara nne, nikasema iwe hiyo. Kwamba nampenda. Yeye akajibu mlio mmoja, nikajua hajaelewa, nikasema basi, iko siku."

Roseline akafungua mkoba, akatafuta kitambaa cha mkono, akakitumia yeye mwenyewe. Bwana Shiundu alitazama dirishani kwa muda mrefu kuliko dirisha lile lilivyostahili. Kisha akachukua muhuri, akaupiga kwenye faili kwa nguvu.

"Laini yako itarudi leo kabla ya saa kumi. Mama yako aliisubiri sana, nimeona fomu. Pole kwa usumbufu." Akafunga faili. "Watu wananiuliza kila siku kama tunaweza kuzuia. Kuzuia tunaweza. Kumjua tunayemzuia, hapo ndipo kazi ilipo. Hii kanuni ya kijana inameza samaki na wavuvi."

"Na yeye, mzee?"

"Atapata barua ya onyo, na miezi mitatu juu ya nguzo huko Kayole. Hewa safi itamsaidia."

"Na hiyo ya mara nne, utamwambia?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza mzee alicheka. "Mimi ni shirika la simu. Sipeleki habari za watu."

Triza alishuka ngazi mguu mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Barabarani alimshika Roseline mkono, akaanza kucheka, Roseline naye akaanza, na watu wakawapisha wakidhani wametoka arusini.

*

Jumatatu iliyofuata, saa tano asubuhi, wateja watatu wakiwa kwenye foleni na Awale akiwa wa kwanza, simu ya kijivu ikalia. Ikaendelea kulia. Triza akapokea.

"Hujambo, madam. Hapa ni fundi, napima laini mpya Kayole, Spine Road. Unanisikia?"

Upepo ulivuma kwenye waya, na chini yake honi, na mtu akinadi nyanya.

"Muoki. Uko wapi?"

"Juu ya nguzo. Nimejifunga mkanda. Kanuni inasema nikimaliza kuunga, nipige simu moja ya majaribio, popote. Nimechagua."

Roseline aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Haya, umepima. Inasikika."

"Bado. Triza, nimekosa. Nilipoona namba yako kwenye ile orodha, ningekuja mbio siku ile ile. Nikakaa na swali lako kama shtaka. Nisamehe."

"Na mimi ningekwambia. Awale aliniomba kolbeki, nikakataa. Nilijifanya mjanja nikanyamaza."

"Jamani, mimi nimefanya nini tena?" Awale akauliza.

"Umesamehewa pia, nyamaza," Roseline akamwambia.

"Triza, mzee hataki kuniambia. Ile ya mara nne ilikuwa nini?"

Alitazama foleni. Foleni ilimtazama. Mama mmoja mwenye kikapu alikuwa ameacha kabisa kujifanya hasikii.

"Ilikuwa nakupenda, fundi. Nilikupigia, ukanijibu umesikia, na hukuwa umesikia kitu."

Kule Kayole ikasikika sauti ya mwanamume kutoka chini ya nguzo: "We fundi, mbona unafuta macho? Shuka kabla hujaanguka."

"Siwezi kushuka," Muoki akasema, haijulikani anamjibu nani. "Triza, nataka kwenda Kakamega kumwona baba yako. Sitaki kwenda kama fundi."

"Utaenda kama nani?"

"Kama mtu anayetaka kukuoa. Ukikubali."

Triza alijiegemeza kwenye kibanda. Alitaka kumfanyia mzaha, kama kawaida yake, na mzaha ukakataa kutoka. "Nimekubali," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa Triza, sauti ikamrudia. "Lakini nakuonya. Najua ninyi Wakamba, mnaanza na mbuzi. Kwetu baba anahesabu ng'ombe. Ukiingia pale na mbuzi watatu atadhani umekuja kuuliza njia ya mnadani."

"Kwetu bila mbuzi hujaoa hata ukileta zizi zima. Nitaleta mbuzi kwa ajili ya mama yangu, na ng'ombe kwa ajili ya baba yako."

"Na nani atawachunga hao wote mpaka Kakamega?"

"Bwana Shiundu ni wa pande hizo hizo. Nitamwomba awe mzee wetu wa kutangulia."

Triza akacheka mpaka akakaa. "Yule? Atamwambia baba kila kitu."

"Hapana. Yeye hapeleki habari za watu, aliniambia mwenyewe. Lakini akiulizwa binti alikubali lini, anaweza kutoa tarehe, saa na dakika."

Chini ya nguzo watu walianza kupiga makofi, mwenye nyanya akiwaongoza. Awale akagonga meza kwa upole.

"Dada, hongera sana. Sasa, tafadhali, kaka yangu bado hajui mtoto anaitwa nani."

"Muoki, shuka polepole," Triza akasema. "Saa kumi na mbili uje na viatu vyenye matope, nitavipangusa mimi."

Akaweka simu chini, akajifuta macho kwa kiganja, akamfungulia Awale mlango wa kibanda.